Hita ya Mzee Kirui na Wageni wa Fort Ternan

Ninyi mnaoanza kazi ya kufunga vifaa kwenye zile nyumba zinazoendeshwa kwa simu mnapenda kunijia na swali moja: "Mama Adoyo, tuweke za waya au zile za hewani?" Mkishauliza mnatazama magoti yangu yanavyolia nikiinuka kitini, na tayari mnajua nitasema nini. Waya. Kuta za mawe za huku Kericho na Bomet zinameza mawimbi, betri hufa siku mwenye nyumba yuko safarini, lakini waya uliolazwa vizuri utakaa ukutani miaka bila kukusumbua. Hilo nimewajibu mara nyingi. Leo nataka kuwaambia kile msichoniuliza, yaani habari ya watu walio ndani ya nyumba, kwa sababu nyaya zangu mwenyewe ziliwahi kukaribia kuvunja uchumba wa watu, huku mimi nikiwa stoo nimejiziba mdomo kwa leso nisisikike nikicheka.

Kazi hii sikuianzia majumbani. Wazazi wangu walipanda huku kutoka upande wa ziwa kuja kuchuna chai, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi shambani, nikakua nikiongea Kikipsigis na watoto wenzangu, na baadaye kiwanda kikaniajiri kutunza vipimo vya joto kwenye mashine za kukaushia majani. Aliyenifundisha ni Mzee Barno, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye hakuamini kipimo chochote kabla hajaweka mgongo wa mkono wake pale pale. Siku moja kipimo kilisema mashine imepoa, mkuu wa zamu akapiga kelele tuongeze moto. Barno akagusa bati, akaruka.

"Hii inaungua, na nyinyi mnataka kuongeza?"

Tulipotazama tukakuta kipimo kimechomoka kwenye tundu lake, kinaning'inia karibu na dirisha, kinapima kwa uaminifu kabisa upepo wa nje.

"Hakijadanganya," Barno akasema akinyonya kidole. "Kimesema ukweli wa mahali kilipo. Mjinga ni yule aliyekiweka."

Ilinibidi nimkumbushe, kwa heshima, kwamba aliyekiweka ni yeye.

Nilipostaafu, msichana anayeitwa Chelangat akanitafuta. Alikuwa akifanya kazi ofisini mjini Kericho, na wazazi wake wakiishi upande wa juu wa Bomet, mahali ukungu unaingia jikoni bila kubisha hodi. Baba yake, Mzee Kirui, alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa na mazoea mabaya ya kuingiza jiko la makaa sebuleni kisha kufunga madirisha yote. Asubuhi moja mkewe alimkuta amelegea kwenye kiti, kichwa kinamgonga, hajui ni siku gani. Alipona, lakini Chelangat hakuwa na amani tena. Akanunua hita za stima za kufungwa ukutani, na akataka joto la kila chumba lionekane kwenye simu yake akiwa kazini. Hita ikiwa imezimwa na sebule ina joto, basi angejua baba amerudia makaa.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee amesimama mlangoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, nimetumwa na Chelangat kuja kuweka sensa."

"Sensa? Si mlituhesabu juzi tu? Andika tuko wawili na ng'ombe, uende."

Tangu siku hiyo neno hilo nimeliacha. Naviita vipima joto, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

Vyenyewe ni vidogo kama punje ya mahindi, kila kimoja na nyaya tatu: mwekundu wa kupeleka nguvu, mweusi wa kuirudisha, na wa manjano wa kupeleka habari. Unaweza kuvifunga vingi kwenye kebo moja inayopita chumba hadi chumba, kwa sababu kila kimoja hutoka kiwandani na namba yake, na kisanduku cha kuongoza hita na taa, kilichoko stoo, huviita kwa namba, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Fundi mwenye haraka huvifunga vyote ukutani kwanza, halafu ndipo anaanza kutafuta namba ipi ni ya chumba kipi. Huyo utamkuta anazunguka nyumba akipulizia kuta pumzi, na watoto wa boma wanamkimbia. Mimi hushika kimoja kimoja mkononi kabla sijakifunga, natazama namba gani inapanda, kisha naandika jina la chumba kwenye plasta na kuibandika ncha zote mbili za waya. Na kebo hiyo isilale paipu moja na waya wa stima. Ukifanya hivyo, pampu ya maji ikiwaka, vipima vinaanza kuota ndoto za mchana.

Kipima cha sebuleni nilikiweka usawa wa kifua, mbali na dirisha na mbali na hita, kama inavyotakiwa. Sikuwa nimemhesabu Mama Chelangat, mkewe Mzee, mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Alipoona ukuta ule uko wazi akasogeza meza ndogo pale, akaweka chupa ya chai. Kila akimimina, mvuke ulipanda moja kwa moja hadi kwenye kipima, kipima kikasema sebule imeiva, hita ikazima. Mzee Kirui alinipigia simu akilalamika kwamba kila akipewa chai anaanza kuhisi baridi, na kwamba pengine ni ugonjwa. Nilisafiri hadi Bomet, nikakaribishwa chai, nikaona mvuke, nikasogeza meza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya siku hiyo, na nauli ilikuwa ile ile.

Halafu kuna namba ambayo ni lazima muijue: themanini na tano. Aina hii ya kipima ikikosa nguvu kidogo kisha ikaamka tena, husema nyuzi themanini na tano kabla haijapima chochote, kama mtu aliyeamshwa ghafla akataja jina la ng'ombe. Chelangat hakujua. Akiwa ofisini alifungua simu akaona chumba cha kulala cha wazazi wake kina nyuzi themanini na tano. Akanipigia akilia, akapigia majirani, akapigia mchungaji. Majirani walifika na ndoo. Mmoja wao, mtu mwenye bidii, akarusha maji kupitia dirishani kabla hajauliza moto uko wapi.

Mzee Kirui alitoka kwenye zizi na ndoo yake ya maziwa, akawatazama.

"Mnaosha kitanda changu kwa nini?"

Nilipofika nikakuta waya mwekundu umelegea, na kile kifuniko cha kipima kimebandikwa upya kwa ugali.

"Mzee, nani amefungua hapa?"

"Mimi. Nilitaka kuona ni nani ananiangalia nikilala."

Nikakaza waya, nikampigia Chelangat, nikaelekeza kisanduku kwamba kikisikia namba ile kinyamaze na kuuliza tena. Mchungaji, aliyekuwa amefika akihema, aliombea kitanda kikauke, tukanywa chai.

Swichi nazo zilikuwa na vituko vyao. Zile nilizofunga hazibebi stima ya taa. Ni vibonye tu; ukibonyeza, habari inakwenda kwa kisanduku, na kisanduku ndicho kinachoamua. Bonyeza kidogo, taa ya hapo inawaka. Bonyeza ukashikilia, nyumba nzima inazimika, ili mtu anayetoka asizunguke chumba kwa chumba. Ni mpango mzuri kwa watu wenye vidole vya kawaida. Mzee Kirui alikuwa na vidole vya kukamua ng'ombe. Akibonyeza alibonyeza kama anayemkanda mtu mgongo, na nyumba nzima ikaingia giza. Mara ya tatu Mama Chelangat alikuwa bafuni na sabuni usoni. Sikuambiwa alisema nini, ila kesho yake Mzee mwenyewe alinipigia, kwa sauti ya upole sana, akaniomba niiondoe ile ya kushikilia.

Sasa nyumba ikatulia, na Chelangat akaleta habari kwamba kuna kijana. Anaitwa Omondi, na watu wake wanakaa Fort Ternan, kule chini karibu na reli, ambako miwa inaanza na jua halina huruma. Ilipangwa siku ya posa, ile ambayo Wakipsigis wanaiita koito, wageni waje waongee na wazee wa msichana. Siku mbili kabla, Mzee Kirui akaniita. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akatazama kushoto na kulia.

"Fundi, nataka hiyo siku hita isiwake."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Watu wa huko chini hawawezi baridi. Wakikaa hapa saa moja watatetemeka, watakosa maneno, watarudi kwao. Wewe unajua hao watu."

"Mzee, mimi mwenyewe ni mtu wa huko chini."

Alinitazama kana kwamba namtania. "Wewe? Wewe ni wa hapa. Acha mchezo."

Nilimwambia mimi ni fundi, siwezi kuharibu kitu kinachofanya kazi. Simu anayo, na kitufe cha kuzima hita anakijua. Akitaka kuzima, azime mwenyewe. Nilipogeuka kwenda, Mama Chelangat akanishika mkono jikoni.

"Amekuambia uizime hita?"

Nikainama kukusanya vifaa vyangu.

"Basi nionyeshe tena kile kibonye cha ukutani cha kuwasha."

Nikamwonyesha. Jioni Chelangat naye akapiga, akaniuliza kama simu yake inaweza kuwasha hita ambayo mtu mwingine ameizima. Nikasema inaweza. Hapo ndipo nilipoona mambo yataharibika, kwa maana watu watatu walikuwa na ruhusa sawa juu ya hita moja, na kisanduku hufuata amri iliyokuja mwisho.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani ya chai na mvua nyembamba inanyesha. Mzee aliniomba niwepo, eti nyumba isije ikamwaibisha. Nikakaa stoo, karibu na kisanduku, mlango ukiwa wazi kidogo. Wazee wa upande wake walikuwa wameketi tayari, wamejifunika blanketi zao kama kawaida ya siku zote. Mzee Kirui mwenyewe alikuwa amevaa shati tu na tai, kuonyesha kwamba yeye baridi haimjui.

Wageni wakaingia. Chelangat alikuwa ameshamwambia Omondi mpango wa baba yake, na Omondi alikuwa ameshawaambia watu wake. Kila mmoja alikuwa amevaa koti zito, na ndani ya koti sweta, na shingoni skafu. Mbele yao alikuwa mjomba wa Omondi, Mzee Oduor, mrefu, mwenye kofia ya manyoya inayofunika masikio. Sijui aliipata wapi Fort Ternan.

"Chamgei," akasalimu kwa Kikipsigis cha kujifunza.

"Chamgei mising," wazee wakajibu, wakitazama ile kofia.

Mzee Kirui akaingiza mkono mfukoni. Ndani ya kisanduku nikasikia, tak. Ile ni rilei, swichi ndogo inayojifungua na kujifunga yenyewe kupeleka stima kwenye hita. Hita ikazima. Maombi yakaanza, na yalikuwa marefu. Yalipofika mwisho, wageni walikuwa wametulia kabisa ndani ya makoti yao, na aliyekuwa akitetemeka ni Mzee Kirui. Tai ilikuwa inacheza peke yake.

Mama Chelangat akaingia na chai. Akipita ukutani akagusa kibonye kwa kiwiko, wala hakumwaga tone. Tak. Hita ikawaka. Mzee akatoa simu chini ya meza. Tak, ikazima. Chelangat alikuwa chumbani na wenzake, maana msichana hakai na wazee mpaka aitwe. Tak, ikawaka. Na safari hii aliipandisha mpaka mwisho.

Muda mfupi baadaye sebule ilikuwa kama mashine yetu ya kukaushia chai. Wageni wakaanza kumetameta. Jasho lilimshuka Omondi mpaka kwenye kidevu, lakini hakuna aliyevua koti, kwa kuwa kuvua kungeonekana kama kulalamika juu ya nyumba ya wakwe. Wazee wenyeji nao hawakuvua blanketi, kwa kuwa wageni hawakuvua makoti. Watu walikuwa wanajadili ng'ombe wa mahari huku wao wenyewe wameiva. Mzee Kirui peke yake, kwenye shati lake, ndiye aliyeanza kuonekana mwenye raha, na hiyo ikamuudhi zaidi, akaizima. Tak. Chelangat akaiwasha tena. Tak.

Mzee Oduor akainua mkono katikati ya hotuba ya mtu.

"Samahani wazee. Ni nini hiyo inalia tak, tak?"

"Panya," Mzee Kirui akasema.

"Si panya. Mimi nimefanya kazi kwenye reli, kibanda cha ishara, mpaka nikazeeka. Hiyo ni kitu inafunga na kufungua, na si mkono mmoja unaoifanya. Kwetu, njia moja ilikuwa na mwenye amri mmoja tu. Wakiwa wawili, treni zinagongana. Hapa mwenye amri ni nani?"

Chelangat alikuwa anasikia yote kutoka chumbani, na uvumilivu wake ulikuwa umekwisha. Asubuhi hiyo alikuwa ameiambia nyumba itangaze kwa spika kila kitu kinachowashwa au kuzimwa, na jina la aliyefanya hivyo, akaifunga sauti. Sasa akaifungua. Mzee Kirui, kidole bado kiko kwenye simu, akabonyeza mara moja ya mwisho. Tak. Na kutoka juu ya kabati, sauti ya mwanamke wa ng'ambo, tamu kama ya matangazo ya ndani ya ndege, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba hita ya sebuleni imezimwa na Daddy.

Ndipo nikauma leso.

Hakuna aliyecheka sebuleni. Wazee wakatazama blanketi zao. Mzee Kirui aliweka simu mezani, skrini juu, kama mtu anayeweka silaha chini. Nilimwona kupitia ule mwanya wa mlango, na kicheko kikaniisha, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatetemeka na chumba bado kilikuwa na joto.

"Ni mimi," akasema. "Sina ubaya na huyu kijana. Ni kijana mzuri. Lakini hapa tumebaki sisi wawili, na huyu msichana ndiye hupiga simu kila siku kuuliza kama nimekula. Nikaona nyinyi mkienda mapema, na yeye atachelewa kwenda."

Mama Chelangat, aliyekuwa amesimama na birika, akaliweka chini taratibu. Sikujua kama angemkaripia. Alivuta kiti akaketi kando ya mumewe, mbele za wageni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku hiyo yote.

Mzee Oduor akavua ile kofia. Nywele zilikuwa zimelowa kama ametoka mtoni.

"Mzee mwenzangu," akasema, "binti yangu ameolewa Sigowet, kwa watu wa huku juu. Siku watu wa huko walipokuja kwangu, niliwakalisha chini ya mabati bila dari, saa saba mchana, nikafunga dirisha. Nikawaambia upepo unaleta vumbi."

"Wakaenda?"

"Walikaa mpaka jioni. Wakala kila kitu."

Mzee Kirui akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega yote. Hapo makoti yakavuliwa, blanketi zikashuka, na mtu mmoja akafungua dirisha. Mazungumzo yaliyobaki hayakuchukua muda, kwa kuwa kila mtu alikuwa amechoka kuwa na adabu. Yalipokwisha, Mzee Oduor akaomba aonyeshwe kile kinacholia tak. Wazee wawili wakaingia stoo, wakanikuta nimesimama na leso mdomoni, wakapiga magoti mbele ya kisanduku. Kirui akawa anaeleza nyaya kwa ujasiri mkubwa, mwekundu, mweusi na wa manjano, na zote alizipa kazi zisizo zake. Sikumsahihisha.

Kesho yake nilibadilisha mpango wa nyumba. Mtu mmoja akitoa amri kuhusu hita, wengine wanasubiri kidogo kabla ya kusikilizwa. Fanyeni hivyo tangu mwanzo, msingoje kuwe na wakwe sebuleni.

Chelangat aliolewa, akahamia Fort Ternan. Haukupita muda mrefu, Mzee Kirui akanipigia simu.

"Fundi, kile kitu chetu cha ukutani. Kinaweza kukaa Fort Ternan, na mimi nikione nikiwa hapa?"

Nikasema kinaweza, ila wenye nyumba wakikubali. Nikawauliza. Chelangat alikubali akicheka. Omondi naye alikubali, lakini akaongeza haraka, "Sebuleni tu, Mama Adoyo. Chumbani hapana." Nikateremka kule kwenye miwa, nikafunga kipima kimoja usawa wa kifua, mbali na dirisha na mbali na chupa ya chai.

Basi Mzee Kirui akapata kazi mpya. Kila mchana baada ya kukamua alifungua simu kuangalia Fort Ternan. "Thelathini na mbili! Watoto watapikika!" Kisha alimpigia mkwe wake afungue madirisha, na Omondi, akiwa kazini kwenye mikutano ya watu, alikuwa anajibu, "Ndiyo Baba, nitafungua."

Siku moja akanipigia akiwa na wasiwasi wa kweli.

"Fundi, kile cha Fort Ternan kimeharibika. Kila jioni jua likishakwenda, badala ya kushuka, kinapanda. Kinapanda kidogo, kinakaa hapo, halafu kinashuka usiku. Kuja ukikaze waya."

Nikamwambia angoje. Nikafungua simu yangu nikautazama ule mstari wa siku nyingi. Ulikuwa msafi, bila kuruka wala kukatika. Unashuka na jua, halafu jioni unainuka kidogo, taratibu, kila siku saa zile zile.

"Mzee, hakijaharibika. Ni watu. Wakirudi kutoka kazini wakafunga mlango wakakaa, miili yao inapasha chumba."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na Mama Chelangat akimuuliza ni nani.

"Wote wawili?"

"Mtu mmoja peke yake hawezi kukipandisha hivyo."

Nikasikia akiweka ndoo chini.

"Basi usikiguse," akasema, akakata simu.